Kesi ya Salamu za Mwezini

Siku daraja la mawasiliano lilipofunguliwa, ujumbe wa kwanza kutoka Mwezini ulifika Shengena Juu salama salimini. Tabu ni kwamba haukukoma kufika.

"Hamjambo huko nyumbani?" waliandika vijana wa kule juu, na mji mzima, uliokuwa umejaa uwanjani na sahani za makande mkononi, ukapiga vigelegele. Simu zikalia tena: "Hamjambo huko nyumbani?" Watu wakacheka, wakasema watoto wana hamu jamani. Zikalia tena. Na tena. Makande hayajapoa bado, kila simu uwanjani inatetemeka bila kupumzika, watoto wachanga wanalia, na bibi mmoja ameshaitumbukiza yake kwenye ndoo ya maji akiikemea kwa jina la Yesu.

Namkunda aliiacha sahani yake kwenye nyasi akakimbilia kibanda cha mtambo. Yeye ndiye aliyelijenga daraja lile, na mara alipokaa tu akaliona kosa lake. Daraja lilifanya kazi kwa vivuli. Kila mtu wa Mwezini alikuwa na kivuli chake upande wa milimani, na kila mtu wa milimani alikuwa na kivuli chake kule Mwezini. Ukisema huku, kivuli chako kinayarudia maneno yako kule. Alichosahau ni kuliambia daraja kwamba kivuli si mtu. Kivuli cha kijana wa Mwezini kiliposema "Hamjambo" uwanjani, daraja likakidhania ni Mpare wa nyama na damu, likaichukua salamu ile likairudisha Mwezini, kivuli kingine kikaitamka kule, nayo ikarudi tena milimani. Mwangwi juu ya mwangwi.

"Namkunda, zima hilo dude!" alipiga kelele Bi Mbonea, mwenyekiti wa baraza la mji, akiwa mlangoni na vidole masikioni.

"Nikilizima, Mama, wenye lango la Mwezini hawatatufungulia tena. Nivumilie kidogo."

Akaandika kichujio hapohapo, jasho likimtiririka. Kila ujumbe unaopita darajani huacha alama, tarakimu ndefu isiyosomeka, inayotokana na jina la msemaji na maneno yake. Ni kama unyayo: unyayo haukwambii mtu ana sura gani, ila yuleyule akipita tena, unyayo ni uleule. Basi Namkunda akaliamuru daraja: ujumbe ambao alama yake imekwisha kupita, usipite tena. Kimya kikashuka mji mzima. Akayafuta mafuriko yote kwenye simu za watu, akarudi kumalizia makande yake huku akishangiliwa. Haraka haraka haina baraka, lakini mtu akipigiwa makofi atakumbuka methali saa ngapi?

*

Ili kuelewa ukubwa wa daraja lile, sharti umjue Mpare na ubishi wake. Dunia nzima ya tambarare ilikuwa ikizungumza kwa mtandao uitwao Baragumu. Ukisema neno, Baragumu linalibeba, linalitunza, na kesho yake linakuuzia kitu kutokana nalo. Watu wa Shengena Juu walikataa. Mababu zao walichimba ndiva, mabwawa ya kukusanya maji ya vijito na kuyafungulia mashambani kwa zamu, wala hawakumwomba mtu wa bondeni kibali. Nao wakajenga mtambo wao wa mazungumzo, wakauendesha kwa nguvu ya maji ya bwawa lilelile, wakauita Ndiva. Maneno yao yalilala kwao, yakiwa yamefungwa kwa kufuli lao.

Kisha barafu ikapatikana Mwezini. Wachimbaji wakahitaji watu wanaojua kugawana maji machache bila kuchomana visu, wakaulizia dunia nzima, na jibu likawa lilelile: mtafuteni Mpare. Watoto wa Shengena Juu wakapaa kwenda kuwa wagawa maji wa Mwezini. Ajabu ya Mungu! Lakini kule hakuna Ndiva. Kule ni Baragumu tu. Mzazi aliyetaka kusikia sauti ya mwanawe ilimbidi ashuke mpaka Same mjini, aazime simu ya mtu, aongee huku mwenye simu amemkodolea macho.

Namkunda ndiye aliyesema hali hiyo haivumiliki. Alisoma, akaomba, akagombana, akalipata lango dogo la Baragumu, akaliunganisha na Ndiva. Ugumu wenyewe haukuwa nyaya. Ujumbe wa Mwezini hufika umefungwa kwa kufuli la Baragumu, na kufuli hilo haliingii mlango wa Ndiva. Lazima ufunguliwe darajani, ufungwe upya. Kwa muda wa kupepesa jicho, maneno ya mtu yanalala pale uchi, na mlinda daraja akitaka, anayaona. Kwa hiyo mji ulimwapisha mbele ya bwawa, kiapo cha wagawa maji wa zamani: "Nitafungua lango, sitachungulia shamba." Alikiapa kwa moyo wake wote, na hajawahi kuchungulia.

*

Majuma machache baadaye, asubuhi ya baraza, Mzee Senkondo alileta kesi.

Hilo peke yake halikumshangaza mtu. Mzee Senkondo aliwahi kuuza ng'ombe ili kuendesha kesi ya kuku, akashinda, na yule kuku akamla kwa fahari mbele ya majirani. Safari hii lakini hakuja na mbwembwe. Alisimama katikati ya ukumbi, kofia mkononi, simu mkono wa pili.

"Namshtaki binti yangu Nakijwa, aliyeko Mwezini," alisema. "Naomba jina lake liondolewe kwenye zamu ya maji ya nyumba yangu."

Ukumbi mzima ukaguna. Kuondolewa kwenye zamu ya maji ni kuambiwa wewe si wa hapa.

"Amekosa nini, mzee?" Bi Mbonea aliuliza.

"Tangu daraja lifunguliwe hajaniamkia. Hata siku moja! Simu inalia, nafungua: 'Baba, leo tumetoa barafu nyingi.' 'Baba, nimepandishwa cheo.' Anaingia tu, kama mbuzi anavyoingia shambani. Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Nikasema nimnyamazie, labda atajirudi. Wapi. Sasa sikieni jana kaandika nini." Akaisogeza simu karibu na macho. "'Baba, naona umeamua kuninyamazia. Mimi nimechoka kuzungumza na ukuta. Kesho jioni nasaini mkataba wa kudumu.' Kesho yenyewe ndiyo leo. Basi na asaini!"

Alisema asaini, lakini simu hakuirudisha mfukoni; aliyasoma tena maneno yale, na kila mtu alimwona. Mkataba wa kudumu walikuwa wanaujua. Anayeusaini haangaliwi mifupa tena. Inalainika pole pole kwa kukosa uzito, mpaka mwili hauwezi kabisa kurudi kuikanyaga dunia. Nakijwa akisaini, Mzee Senkondo hatamwona tena machoni.

"Hata wangu hasalimii," mama mmoja alisema nyuma.

"Na wangu! Nikajua ndiyo vijana wa siku hizi."

"Wangu mimi nikasema labda huko hakuna asubuhi."

Watu wakacheka. Namkunda, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, hakucheka. Alinyanyuka bila kuaga, akatoka mbio hadi kibandani.

Alifungua orodha ya kichujio. Maneno hayakuwepo, kwani ujumbe unaozuiwa hufutika palepale. Zilikuwepo alama tu. Na upande wa Nakijwa, kila asubuhi bila kukosa, daraja lilikuwa limezuia ujumbe mmoja. Alama ileile, kila siku.

Ni kitu gani mtoto humwambia baba yake kila asubuhi, kwa maneno yaleyale, bila kubadilisha hata kimoja?

"Mama yangu!" alisema Namkunda, akashika kichwa. Salamu za kwanza zilipita siku ya mafuriko, naye akazifuta pamoja nayo; zilizofuata zote kichujio kilizizuia. Baada ya kuandika kichujio, alikuwa amelijaribu daraja kwa wiki nzima kabla ya kulitangaza kuwa salama. Lakini aliandika kama mafundi wote wanavyoandika: jaribio la kwanza, jaribio la pili, jaribio la tatu. Hakuna lililofanana na mwenzake, kwa hiyo yote yalipita. Hakuna fundi anayejaribu mtambo kwa kuuamkia. Yeye, Mpare, aliyelelewa kwa kuamkia kila kichwa chenye mvi toka nyumbani mpaka kisimani, alijenga daraja linalomeza maamkizi.

*

Alirudi ukumbini na kioo cha kuandikia cha mtambo kifuani, akayasema yote. Hakujificha nyuma ya maneno ya kiufundi. "Kosa ni langu. Watoto wenu walikuwa wanasalimia kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa nazitupa salamu zao."

Kelele zilizozuka hapo! Mama wa nyuma alianza kulia palepale. Lakini Mzee Senkondo hakuwa amekula kuku yule bure.

"Ushahidi," alisema.

"Mzee wangu, naweza kumwuliza Nakijwa sasa hivi, akujibu mwenyewe."

"Mshtakiwa aulizwe kama ana hatia? Na wewe rafiki yake tangu mnasukana nywele, si utakuwa umempangia la kusema? Hapana, binti. Mimi nataka ushahidi."

Namkunda alivuta pumzi. "Maneno yenyewe yamefutika, lakini alama ipo. Tukiandika maneno yaleyale kwa jina la Nakijwa, mtambo utatoa alama ileile na taa ya kioo itawaka kijani. Herufi kubwa na ndogo, nukta na mkato, mtambo haujali."

"Andika."

Akaandika mbele ya watu wote: Shikamoo baba.

Taa ikawaka nyekundu.

Akaandika: Shikamoo baba yangu. Nyekundu. Shikamoo mzee. Nyekundu. Mzee Senkondo alivaa kofia yake taratibu, kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

"Nilijua," alisema, na sauti haikuwa ya mtu aliyeshinda kesi.

"Ngoja kwanza!" Huyo alikuwa Kajiru, fundi umeme, aliyemsaidia Namkunda kuvuta nyaya za daraja. "Namkunda, kwa nini unatutesa? Upe mtambo maneno yote, ya Kiswahili na ya Kipare, uyajaribu yenyewe moja moja na yakiunganishwa. Chai haitapoa, utakuwa umelipata."

"Eee, apewe!" watu wakaitika.

Bi Mbonea hakuitika. Alikuwa mama wa kufikiri kwanza. "Inawezekana hiyo, Namkunda?"

"Inawezekana, Mama."

"Na nilichomwandikia mwanangu juzi, nacho unaweza kukipata hivyohivyo?"

Mpaka dakika ile Namkunda alikuwa anaamini kwamba alama hazisomeki, na kwamba kwa kuzihifadhi hajavunja kiapo. Kumbe unyayo hauonyeshi mtu, lakini mwenye subira anaweza kuujaribishia viatu vyote vya mji.

"Kama kilikuwa kifupi," alisema, "nacho pia."

Watu walitazamana, kila mmoja akikumbuka alilomwandikia mtu wake. Kioo kilikuwa mikononi mwake, na kazi yenyewe ilikuwa ya kubonyeza mara moja. Alimfikiria Nakijwa, rafiki aliyekuwa kwake kama dada. Alimwona amekaa kwenye meza ya ofisi kule juu, kalamu mkononi. Alimpenda mno. Machozi yalimlenga na vidole vilimwasha.

Akakiweka kioo mezani.

"Sitafanya."

"Ala!" Kajiru alisimama. "Mwenzio apotelee Mwezini kwa ajili ya kiapo? Nani hapa atakulaumu? Ni kwa wema!"

"Ndiyo maana sifanyi, Kajiru. Leo ni kwa wema na mji wote unanisukuma. Kesho atakuja mtu analia, mumewe kapotea, nichungulie kidogo tu. Keshokutwa atakuja mwenye bunduki. Mkono uliozoea kuchungulia haujui kuacha." Akamgeukia mzee. "Mwenye haki ya kusoma ujumbe ni aliyeandikiwa. Huu uliandikiwa wewe, mzee wangu. Keti hapa, ujaribu wewe. Kioo hakihifadhi unachoandika. Kitawasha taa tu, na mimi nitakuwa nje."

"Mimi nitajuaje mtoto aliandika nini?"

"Wewe ndiye baba. Mtambo hauna mtoto."

Yataka moyo kusema vile wakati kitufe kiko kidoleni na watu wote wanakuruhusu. Wengi wangebonyeza, na wangelala usingizi mzuri. Namkunda alitoka, akasimama uani, akaupa mlango mgongo. Bi Mbonea akawaamuru wote warudi nyuma hadi ukutani, na wambea wa mji ule, ambao kwa kawaida hata kuta haziwazuii, wakarudi.

Mzee Senkondo akaketi. Akaandika kwa kidole kimoja. Nyekundu. Akaandika maneno mengine, marefu zaidi. Nyekundu. Jua lilikuwa limeshavuka paa, na jioni ya Mwezini ilihesabiwa kwa saa ya Dar es Salaam, kwa hiyo muda ulikuwa unakwisha kwa wote. Akavua kofia, akakuna kichwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kesi, mzee yule hakuwa anatafuta kosa la mtu. Alikuwa anamtafuta mtoto. Midomo yake ilicheza bila sauti, akirudi nyuma mwaka kwa mwaka hadi utotoni mwa Nakijwa, mpaka ikasimama.

Kajiru alisema baadaye kwamba uso wa mzee ulibadilika ghafla, ukawa wa kijana.

Akaandika kitu kifupi sana. Akasita, akabonyeza.

Kijani.

Vigelegele vilivyopigwa vilifika mpaka ng'ambo ya bonde. Mzee Senkondo alikuwa ameshakifunika kioo kwa kofia, naye amejiinamia mezani analia waziwazi, mzee mzima, bila aibu. "Kumbe," alikuwa anasema. "Kumbe kila siku. Hajasahau, kumbe kila siku."

"Alikuwa anasemaje, mzee?" Bi Mbonea alishindwa kujizuia.

"Hayakuhusu, Mwenyekiti!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Namkunda aliingia, macho mekundu, na wala hakukaribia ile kofia. "Nipeni dakika chache," alisema. Akaingia kwenye mtambo kwa simu yake, akaliambia daraja lile jambo alilopaswa kuliambia tangu mwanzo, kwamba kivuli si mtu na maneno yake yasibebwe. Kichujio akakiondoa. Kisha akaanza kufuta alama zote, za mji mzima.

"Ukizifuta hutaweza tena kumthibitishia mtu jambo," Kajiru alimwonya.

"Ndivyo ninavyotaka."

"Mzee, muda!" Bi Mbonea alisema. "Mwandikie mtoto."

Hapo watu wakakumbuka shida nyingine, wakatazama chini. Mkubwa hamwanzi mdogo kwa salamu. Hilo milimani halijawahi kutokea, na Mzee Senkondo hakuwa mtu wa kulianzisha.

Mzee alifuta uso kwa kiganja. "Mnaangalia nini? Simwanzi mimi. Yeye ndiye kaanza, tena siku zote hizi. Mimi nimechelewa kuitikia, basi." Akainua simu karibu na pua, akaandika jibu, akalituma, akaishikilia kwa mikono miwili.

Maneno huchukua pumzi moja kufika Mwezini. Jibu la binadamu huchukua muda wake. Ukumbi ulisubiri. Mama wa nyuma alikuwa anaomba kimyakimya, na Namkunda alikuwa ameifunga mikono yake nyuma ya mgongo. Hakuwa anajua kama kalamu imeshashuka kwenye karatasi au la, na daraja lilikuwa palepale mbele yake, wazi, likipitisha maneno ambayo hakuyachungulia.

Simu ikalia.

Mzee Senkondo alisoma. Alirudia kusoma. Akaifunga, akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, akasimama.

"Mwenyekiti, kesi naiondoa."

Mpare aondoe kesi! Wazee wawili walishikana mikono kwa mshangao. Lakini yeye alikuwa ameshamgeukia Namkunda, na aliuliza kwa sauti ya chini, ya mtu anayeomba msaada kwa mara ya kwanza:

"Mwanangu, hivi kile chombo kinachowashusha watu kutoka kule, hutua wapi? Maana Nakijwa anasema miguu yake imekuwa dhaifu. Njia ya kupandia huku, machela inapita?"

"Haipiti vizuri, mzee wangu," Namkunda alisema. "Pale kwenye miamba ni pembamba."

Kajiru alikuwa ameshakwenda kutafuta sururu.